Mayai ya Mama Mkwe

Wiki mbili kabla mama mkwe hajaja kumlea mzazi, niliipiga pikipiki rangi. Anayenijua atashangaa, maana dirisha la sebuleni kwangu limezibwa kwa boksi la sabuni mwaka wa pili sasa. Lakini dirisha haliendi stendi kumpokea mkwe. Nikaifungua mwenyewe, nikanunua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, nikapuliza fremu yote mpaka ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kufunga nikafunga mwenyewe vilevile. Ilibaki boliti moja tu. Nikaitia kabatini, kwenye bakuli la vifungo na funguo zisizo na kufuli.

Kuanzia siku ile pikipiki ikapata afya ya kutisha. Selfu nikiigusa tu, injini imeshaitika. Taa ya mbele usiku ilimulika hadi bodaboda wa Soweto ya hapa Mbeya wakawa wananipisha wakidhani linakuja Fuso. Nikajisifu kwa mke wangu kwamba rangi nzuri huipa mashine nguvu. Akaniangalia, akaendelea kunyonyesha.

Jumatatu balbu ikaungua. Alhamisi ikaungua nyingine. Nikaenda kumgombeza mwenye duka, akanijibu kwa upole, "Kaka, hii ni ya volti 12, wati 35, Mbeya nzima wanawashia hizi." Nikamwona mbishi. Maji ya betri nayo yalikuwa yanapungua. Nikiongeza, yanapungua, naongeza tena. Sikujiuliza hata siku moja yanakwenda wapi. Ilikuwa Julai, sisi wenyewe tunakunywa chai mara nne kwa siku kwa baridi, nikaona na betri ina haki yake.

Jumamosi nikaenda Uyole. Mama mkwe akashuka kwenye Coaster ya Tukuyu na mfuko wa nguo pamoja na kikapu cha mayai ya kienyeji 30 ya binti yake, yamefukiwa kwenye pumba za mpunga yasigongane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kumbe una pikipiki mpya!"

Sikumsahihisha. Nikafunga mfuko mbele, yeye akakaa kiupande, kitenge chake kimeshuka upande wa kushoto, kikapu mapajani.

Hatujafika Nanenane, harufu ikaja. Yai viza kabisa, lile la kuku aliyeatamia akakata tamaa. Nikanyamaza, kwa sababu yapo maswali ambayo mkwe haulizi. Nikaongeza mafuta ili upepo utusaidie, harufu ikaongezeka. Nikaongeza tena, ikazidi. Nikasogea mbele hadi nikakalia tangi. Nikahisi na yeye anasogea nyuma, kwenye keria. Tukaenda hivyo kama kilomita nzima, katikati yetu pana nafasi ya abiria wa tatu.

"Baba, hebu simama."

Nikasimama mbele ya kibanda cha mama lishe.

"Asubuhi umekula nini?"

"Chai mama. Na kiporo cha maharage." Neno maharage lilipotoka mdomoni nikajua nimejifunga mwenyewe.

Akavuta pumzi. "Mimi toka Tukuyu sijatia kitu mdomoni." Kesi ilikuwa imeisha, ila kwa huruma akanitafutia mlango wa kutokea. "Au ni haya mayai? Ingawa nimeyaokota kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama lishe akatuazima beseni la maji. Yai zima huzama, bovu huelea. Mama mkwe akachuchumaa, akalitumbukiza la kwanza, likazama. La pili, likazama. Bodaboda wawili wakasogea, kisha wanafunzi, kisha muuza karanga. Lilipofika la 20 nikaanza kuomba kimoyomoyo lielee moja tu, hata nusu. La 30 likazama kama jiwe.

"Mayai yote mazima," mama lishe akatangaza. Halafu akaniangalia mimi. Wakaniangalia wote.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja wa bodaboda. "Bosi, mbona pembeni hapo panafuka moshi?"

Sijawahi kufurahia moshi kiasi kile. Nikarukia kava la kushoto, nikalifungua. Betri imevimba ubavu, ukiigusa inaunguza, na ndani inatokota bloblo kama sufuria ya mama lishe. Mpira wa kutolea hewa ulikuwa umechomoka, maji yanachuruzika. Mwenye sigara akainama kutazama, fundi mmoja wa jirani akapiga kelele toka kijiweni, "Zima hiyo! Hewa ya betri inayochemka inalipuka!" Umati ukarudi nyuma hatua kumi.

Fundi akaacha ipoe, akaitoa ile betri, akafunga ya kwake, akawasha. Akaweka mita. Injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta, volti 14.9. Akavuta mafuta, 17.4.

"Hapa hutakiwi kufika hata 15," akasema. "Ndiyo maana ulivyoongeza mwendo ndivyo ilivyonuka."

Nikamtazama mama mkwe kama alisikia. Alikuwa anafuta mayai moja moja kwa upindo wa kitenge, anayarudisha kwenye pumba.

Fundi akabadilisha rektifaya, kile kifaa kinachopima umeme unaoingia kwenye betri, akafunga mpya ya dukani. Akavuta mafuta, 17.4 ileile. Hapo nilimwona amefikiri kidogo. Akatoa waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, akaubana kwenye bodi ya rektifaya, ule mweusi akauacha kwenye hasi. Nilitegemea sifuri. Ikasoma 3.1.

"Umeona? Athi, yaani waya wa kuiunganisha na chuma cha fremu, haishiki. Rektifaya inapima umeme kuanzia kwenye bodi yake. Betri ina 17.4, yenyewe inaona 14.3, inajua mambo shwari, inaendelea kumimina. Haina kosa, imedanganywa." Akaingiza mkono chini ya tangi. "Na waya wa athi umekazwa juu ya rangi mpya. Nani kapiga rangi hii?"

Nikakohoa.

"Halafu hapa panakaa boliti mbili. Nyingine iko wapi?"

"Kabatini," mama mkwe akajibu badala yangu. Kumbe mke wangu humsimulia kila kitu kwenye simu.

Akachukua kipande cha msasa, akakwangua sehemu ndogo isiyozidi kucha ya dole gumba mpaka chuma kikaonekana cheupe, akakaza waya kwa boliti mbili za kwake, akarudisha rektifaya yangu ya zamani. Akavuta mafuta. 14.2. Rektifaya mpya akairudisha dukani. Betri ilibidi ninunue, ile yangu ilikuwa imekauka mpaka visahani vinaonekana.

Tukafika nyumbani salama. Mama mkwe akamwambia binti yake barabarani palikuwa na shida ya umeme, basi. Nikasema moyoni, ndaga fijo mama, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, heshima umenitunzia.

Jumatatu alifua. Nilikuwa natoka nikamkuta uani amekinyanyua kile kitenge mbele ya jua. Upande wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini, mwanga ulikuwa unapenya kwenye vitundu kama chekecheo la unga. Maji ya betri hayana haraka, husubiri nguo iguswe maji ya kufulia ndipo itoboke.

Akaingiza kidole kwenye tundu kubwa kuliko yote, akakichezesha upande wa pili.

"Baba," aliniita taratibu, "kopo la ile rangi ulinunua shilingi ngapi?"

"Elfu sita, mama."

"Mwanjelwa vitenge wanaanzia ngapi?"

Nikarudi ndani kuchukua pochi.