Mashabiki Wanaokaa Pamoja: Nguvu na Mipaka ya Utani katika Kandanda la Australia

Katika viwanja vya AFL, ligi kuu ya kandanda la Australia, mashabiki wa timu mbili zinazopambana hawatenganishwi kwa uzio wala kwa safu ya askari polisi. Ukiacha vikundi vya ushangiliaji vinavyokaa nyuma ya magoli na sehemu walizotengewa wanachama wa klabu, watu hununua tiketi na kuketi popote penye nafasi, hata shabiki mwenye skafu nyeusi na nyeupe ya Collingwood akajikuta bega kwa bega na mwenye skafu ya buluu ya Carlton kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mchezo wenye vishindo vikali. Waaustralia wengi hulitaja jambo hili kwa fahari, kama uthibitisho kwamba ushindani wao ni wa kirafiki. Wapo wengine, hasa miongoni mwa wachezaji weusi na familia zao, wanaosema kwamba sifa hiyo ya urafiki imetumika mara nyingi kufunika maumivu yasiyo na urafiki wowote. Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi wenyewe unastahili kupimwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida, kwa kuwa kinachopimwa ni jambo zuri ambalo lingekuwa hasara kubwa kulipoteza.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, inatosha kusema kwamba kila timu ina wachezaji 18 ndani ya uwanja mpana wa umbo la yai, kwamba mpira hupigwa teke au hupasiwa kwa ngumi, na kwamba mpira unaopita kwa teke kati ya nguzo mbili ndefu za katikati huleta pointi 6, ilhali unaopita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi ya pembeni huleta pointi 1. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwezi Mei 1859, miaka minne kabla ya kuundwa kwa Chama cha Soka cha Uingereza. Ligi iliyokuja kuzaa AFL ya leo ilianza kuchezwa mwaka 1897 ikiwa na klabu nane, na karibu zote zilitoka katika mitaa ya jiji hilo hilo moja. Carlton, Fitzroy na Collingwood ni mitaa inayopakana. Mtu anaweza kuipita yote mitatu kwa miguu bila kuchoka.

Ujirani huo ndio chanzo cha mambo mengi. Mpinzani wa shabiki wa Melbourne hakuwa mtu wa mji wa mbali aliyemwona mara mbili kwa mwaka, bali fundi mwenzake kiwandani, mwalimu wa mwanawe au shemeji yake. Hadi leo, katika ofisi nyingi za Australia, wafanyakazi hubashiri kila wiki washindi wa mechi zote, na jedwali la matokeo hubandikwa ukutani, kiasi kwamba hata asiyefuatilia ligi hupata nafasi ya kumtambia bosi wake siku ya Jumatatu. Wengi hurithi timu kutoka kwa wazazi, na baba na mama wanapotofautiana, watoto wa nyumba moja hugawanyika. Ni vigumu kumchukia kwa moyo wote mtu ambaye utakula naye chakula cha jioni baada ya king'ora cha mwisho.

Sababu ya pili haitajwi sana, nayo ni ya mpangilio zaidi kuliko ya tabia. Zamani kila klabu ilikuwa na uwanja wake mtaani, lakini Collingwood iliacha kuchezea mechi zake za ligi Victoria Park mwaka 1999, Carlton ikaaga Princes Park mwaka 2005, na leo klabu zote tisa za jiji la Melbourne hutegemea zaidi viwanja viwili: Melbourne Cricket Ground, unaobeba watu takriban 100,000, na uwanja wa Docklands. Kwa Adelaide na Port Adelaide hali ni hiyo hiyo katika Adelaide Oval, na kwa West Coast na Fremantle katika uwanja mkuu wa Perth. Uwanja ukiwa wa wote, hakuna anayeweza kudai kwamba mwenzake amevamia nyumba yake. Aidha, kati ya Perth na Melbourne kuna kilomita zipatazo 2,700, hivyo makundi makubwa ya vijana wanaosafiri kila wiki kwenda mji wa wapinzani, ambayo yamewasumbua sana polisi wa Ulaya, hayakupata mazingira ya kukua. Wanaosema kwamba Waaustralia ni watu wapole kwa asili wanasahau kwamba sehemu ya upole huo imejengwa na jiografia na mikataba ya viwanja.

Hata hivyo, kuujua msingi wa kitu hakupunguzi thamani yake. Tarehe 3 Julai 2015, kocha wa Adelaide, Phil Walsh, aliuawa, na jioni ya siku hiyo Collingwood na Hawthorn walikuwa na mechi Melbourne. Mchezo ulipomalizika, wachezaji wa timu zote mbili walisimama katika duara moja wakiwa wameshikana mabega, jezi zikiwa zimechanganyika, na uwanja mzima ukanyamaza pamoja nao. Timu nyingine zilifanya vivyo hivyo wikiendi hiyo, na mechi ya Geelong dhidi ya Adelaide ikafutwa, pointi zikagawanywa sawa. Kuanzia mwaka huo huo, mechi ya Melbourne na Collingwood ya mwezi Juni imekuwa siku ya kuchangia utafiti wa ugonjwa wa neva za misuli uliompata Neale Daniher, aliyewahi kuinoa Melbourne. Watu mashuhuri huteleza na kutumbukia katika maji ya barafu, na mashabiki wa pande zote mbili hununua kofia moja ya sufu na kuivaa. Mwenye shaka kama ushindani huu unaweza kuzaa wema wa kweli anapaswa kuzitazama siku hizo mbili kabla ya kutoa hukumu.

Upande wa pili unaanza na Collingwood yenyewe. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1892 katika mtaa wa wafanyakazi maskini, na kwa vizazi vingi imekuwa klabu inayopendwa na wengi na kuchukiwa na wote waliobaki. Mzaha unaosemwa zaidi dhidi ya mashabiki wake ni kwamba hawana meno, hawana kazi na wametoka jela. Mashabiki wengi wa Collingwood wameugeuza mzaha huo kuwa fahari, na klabu yenyewe leo ni tajiri, kwa hiyo mtu anaweza kudai kwamba haumuumizi yeyote. Mimi sikubaliani kabisa na dai hilo. Kumcheka mtu kwa sababu timu yake imepoteza fainali ni jambo linalokwisha msimu ujao, kwani anaweza kushinda naye akakucheka. Carlton iliposhinda fainali ya mwaka 1970 mbele ya watazamaji 121,696 baada ya kuwa nyuma kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, Collingwood walikejeliwa kwa miongo kadhaa. Waliponyakua ubingwa wao wa 16 mwaka 2023 na kuifikia Carlton kwa idadi ya mataji, zamu iligeuka. Kumcheka mtu kwa umaskini wa babu yake hakuna zamu.

Kisha kuna suala la rangi, na hapa ndipo sifa ya urafiki inapopata jaribio lake gumu zaidi. Tarehe 17 Aprili 1993, katika Victoria Park ya zamani ambayo wengi huikumbuka kwa mapenzi, Nicky Winmar wa St Kilda, ambaye ni Mwaborijini, yaani wa jamii za wenyeji wa asili wa Australia, alitukanwa na mashabiki wa Collingwood mchana kutwa. Timu yake iliposhinda, aliwageukia, akainua jezi na kuonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Miaka miwili baadaye, baada ya Michael Long wa Essendon kulalamikia matusi ya mpinzani uwanjani, ligi ilitunga kanuni ya kuwaadhibu wachezaji wanaowadhalilisha wenzao kwa rangi au dini. Kanuni hiyo iliwabana wachezaji. Majukwaani mambo yalibaki mikononi mwa mashabiki.

Ndivyo ilivyofika zamu ya Adam Goodes wa Sydney, Mwaborijini mwingine, aliyeshinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2003 na 2006. Mwezi Mei 2013, msichana wa miaka 13 alimwita nyani kutoka jukwaani. Goodes alimwonyesha kwa walinzi, lakini kesho yake aliwaomba watu wasimshambulie mtoto huyo bali wamsaidie. Mwaka 2014 aliteuliwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, akazungumza waziwazi kuhusu historia ya watu wake. Mwaka 2015, kila alipogusa mpira katika viwanja vingi, maelfu walimzomea, wiki baada ya wiki. Mwezi Septemba alistaafu, na mwaka 2019 ligi na klabu zote 18 zilitoa tamko la kuomba radhi kwa kushindwa kumtetea.

Watetezi wa kuzomea wasikilizwe kwa haki. Walisema kwamba kuzomea ni sehemu ya mchezo, kwamba wachezaji weupe nao huzomewa, na kwamba Goodes alizomewa kwa kujiangusha ili apewe mipira ya adhabu. Kwa baadhi yao, huenda hiyo ndiyo ilikuwa nia. Lakini umati hauna nia moja, na aliyeendelea kuzomea baada ya mhusika mwenyewe kueleza anachosikia ndani ya sauti ile alikuwa ameshapewa taarifa ya kutosha. Hapa desturi yetu ya utani inanisaidia kufikiri. Mtani anaruhusiwa kukusema hadi msibani, lakini ndiye huyo huyo anayefika msibani kufanya kazi, na neno analokurushia wewe una haki ya kumrudishia lile lile. Goodes hakuwa na neno la kurudisha, kwa sababu hakuna tusi la rangi ambalo Mwaborijini anaweza kumrushia Mwaustralia mweupe likabeba uzito unaolingana. Alipojibu kwa ngoma ya vita ya jadi baada ya kufunga goli dhidi ya Carlton mwezi Mei 2015, wengi walisema anawatisha watazamaji.

Nina sababu ya kulifuatilia hili kutoka Afrika Mashariki. Aliir Aliir, beki aliyechezea Sydney na kisha Port Adelaide, alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, na watoto wengi wa familia kama yake sasa hujifunza mchezo huu mashuleni. Kabla yake, Héritier Lumumba, mwenye baba wa asili ya Kongo na Angola, alitwaa ubingwa na Collingwood mwaka 2010, kisha akaeleza hadharani kwamba ndani ya klabu aliitwa kwa jina la utani la sokwe. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 ilikuta kwamba klabu ilikuwa na ubaguzi uliojengeka katika mfumo wake. Jina hilo nalo lilipita kwa miaka likiitwa mzaha wa marafiki.

Je, basi watenganishwe mashabiki, au wawekewe walinzi wa kuwasikiliza? La kwanza nalikataa. Waliomzomea Goodes hawakuwa wamekaa upande mmoja, na uzio usingezuia chochote. La pili lilijaribiwa mwaka 2019, maofisa wa kuangalia mwenendo walipotembea kati ya viti vya uwanja wa Docklands, na mashabiki wakalalamika kwamba hata kumkaripia mwamuzi kumekuwa kosa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki: ofisa asiyetofautisha kelele za hasira na udhalilishaji huwafanya watu wema waone kanuni yote kuwa uonevu. Viwanjani kuna pia namba ya simu ya kutuma ujumbe dhidi ya mwenye matusi, na hiyo ni njia bora zaidi, ila inamtaka aliyeumizwa, au jirani yake, aanze kulalamika huku ameketi viti viwili kutoka kwa aliyemtukana.

Kilichofanya kazi kweli mwaka 2015 kilitoka kwa mashabiki. Goodes alikosa mechi moja kwa sababu ya maumivu ya kuzomewa, na aliporejea Agosti alikwenda Geelong, uwanja ambao kwa kweli bado ni wa klabu moja, katika mji usio wa kwake. Watazamaji wa Geelong walimpigia makofi. Hawakuacha kuitakia ushindi timu yao. Waliacha tu kumzomea yeye, na wenye nia mbaya, wakiwa wamezungukwa na makofi, walikosa umati wa kujificha ndani yake. Kukaa pamoja kulikuwa na maana siku hiyo kwa sababu wenyeji walikubali kuwasahihisha mashabiki wenzao wa klabu yao wenyewe.

Mwaka 2028 klabu ya 19, Tasmania Devils, inatarajiwa kuingia ligini, ikiwa na mashabiki ambao wengi wao wamekuwa wakishangilia timu za Melbourne maisha yao yote, na uwanja mpya umepangwa kujengwa Hobart. Ningependa uwanja huo ujengwe bila uzio wa kutenganisha watu, kama ule wa Melbourne, na klabu hiyo mpya iandike katika masharti ya uanachama wake, tangu msimu wa kwanza, kwamba mwanachama atakayemtukana mchezaji kwa rangi yake atapoteza kadi, hata kama aliyetukanwa hakuwasilisha malalamiko yoyote.