Timu ya Upasuaji Isipimwe kwa Bingwa Wake

Kila inapotangazwa kwamba madaktari wa kujitolea wanakuja kufanya upasuaji, watu huuliza kwanza ni bingwa gani anakuja, na picha inayosambaa huwa ni yake. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji, na niliyewahi kujitolea katika hospitali ya nchi jirani, nauliza jingine: nani anakuja kusimamia dawa ya usingizi, na nani atabaki na wagonjwa wodini wageni wakishaondoka?

Hitaji lenyewe halina ubishi. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Ukiisoma takwimu hiyo ni rahisi kudhani kwamba kilichopungua ni mikono ya kushika kisu, ilhali katika hospitali nyingi za wilaya yupo daktari anayepasua akina mama wajawazito usiku na mchana, na anayekosekana ni mtaalamu wa nusukaputi. Huyu hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa, mkono ukishikilia barakoa na sikio likifuata mlio wa kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni. Oksijeni ikishuka, mlio huwa mzito, na waliomo chumbani huinua vichwa kabla hata ya kutazama mashine. Bila mtu huyo, ubingwa wa mpasuaji ni hatari tupu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, na vifo baada ya upasuaji vikapungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo hutaka kila mmoja ajitaje jina na kazi yake kabla ngozi haijachanwa. Wengine huona ni mchezo wa kitoto, lakini wageni na wenyeji wanapokutana asubuhi hiyo hiyo, muuguzi aliyekwisha kujitambulisha ndiye atakayethubutu kumwambia bingwa wa ng'ambo, «Daktari, usifunge kwanza, kitambaa kimoja cha kufutia damu hakijaonekana.»

Linaloniudhi zaidi ni ratiba. Timu nyingi hupasua hadi siku ya mwisho ili idadi ya wagonjwa ipendeze kwenye ripoti, ilhali kidonda kikiingia usaha, mara nyingi hujionyesha siku kadhaa baadaye, wakati aliyekishona yuko kwao na faili lina mistari miwili isiyosomeka. Upasuaji mzito ungefanywa mwanzoni, na siku za mwisho zikaachwa kwa ajili ya kupita wodini pamoja na wenyeji, kitanda hadi kitanda, na kukabidhiana wagonjwa.

Kuna njia bora zaidi, ingawa haina haraka. Dilan Ellegala, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, alipofika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara mwaka 2006, alimfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kupasua ubongo, naye baadaye akamfundisha mwenzake. Najua hoja ya upande wa pili: mtoto mwenye tundu kwenye moyo hawezi kusubiri mtu asomeshwe kwa miaka. Ni kweli, na ndiyo maana sipingi kambi za mabingwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa kuwa pale mgeni hupasua akiwa na daktari mwenyeji mezani, na wagonjwa hubaki na huyo mwenyeji.

Kwa hiyo anayetaka kujitolea, kabla hajakata tiketi wala kuomba usajili wa muda, aiandikie hospitali na kuiuliza inapungukiwa na nini. Jibu huenda likawa fundi wa kutengeneza mashine za usingizi, au muuguzi wa kusimamia utakasaji wa vifaa, na mpasuaji atakayepata jibu hilo ampishe mtu huyo kiti chake kwenye ndege.