Kebini ya mtumba juu ya trekta: Mombasa tunahitaji fremu, si vioo

Mwenye trekta mmoja wa Kisauni, anayevuta tela la maji na kulimia watu msimu wa masika ukikaribia, ameuziwa kebini kuukuu iliyovuliwa kwenye trekta la Uingereza. Ina milango miwili, vioo vyote na wipa moja. Trekta lake ni Massey Ferguson 135, lile la injini ya Perkins na nguvu za farasi 45, na tangu alinunue halijawahi kuwa hata na paa. Fundi anasema itaingia. Dereva anaitaka sana. Jirani yake, naye ana matrekta, anamwambia amejinunulia tanuri. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja anazungumzia kitu tofauti.

Dereva asikilizwe kwanza, maana yeye ndiye anayekaa juu. Kuanzia Januari hadi Machi jua la Pwani halina huruma, kiti cha chuma kinachoma, na vumbi la maramu linamuingia machoni na kifuani. Masika yakifika, analowa mpaka mifupani. Kumwekea paa mtu wa namna hiyo si kumdekeza.

Tena kuna hatari kubwa kuliko jua. Mzigo ukifungwa juu kuliko usawa wa ekseli ya nyuma, au magurudumu ya nyuma yakikwama mtaroni huku dereva anaongeza mafuta, pua ya trekta inaweza kuinuka na trekta likamgeukia kinyumenyume ndani ya sekunde mbili. Ni wachache wanaowahi kukanyaga klachi. Anayepanda vilima vya Rabai au Mazeras na tela lililojaa maji anaijua hofu hiyo, na hata huku kwenye tambarare mitaro ya kando ya barabara inapindua matrekta. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya kinga, yaani nguzo za chuma zinazomkinga dereva trekta likipinduka, tangu mwaka 1959, Uingereza ikafuata mwaka 1970, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Hadi hapo ningemwambia fundi afunge kesho asubuhi.

Lakini tuitazame vizuri kebini yenyewe. Nyingi za umri huu zilitengenezwa na viwanda vingine kabisa, zikapachikwa juu ya matrekta ambayo hayakubuniwa kubeba kebini. Mabati yake hutetemeka pamoja na injini, na dereva anakuwa kama amekaa ndani ya ngoma. Waingereza wenyewe waliona kwamba waliookolewa kifo wanapoteza masikio, na ndiyo maana mwaka 1976 walitaka kebini mpya zisizidi desibeli 90 (kipimo cha kelele) kwenye sikio la dereva. Kanuni zetu za kelele kazini za mwaka 2005 nazo zinaweka desibeli 90 kwa saa nane. Kwa hiyo kebini ya kabla ya 1976, iliyokwishapoteza sponji na mazulia yake, inaweza kumpigia dereva kelele kuliko akikaa wazi.

Halafu kuna joto, na hapa jirani amesema kweli tupu. Vioo vile viliwekwa kuzuia baridi na mvua za kwao. Ukivifunga hapa, penye unyevu huu wa bahari, dereva atafungua milango kabla hajamaliza mstari wa kwanza wa shamba. Wako watakaosema atiliwe kiyoyozi. Sikubaliani nao. Kompresa inataka mahali pa kushikia, mkanda wake, na nguvu ya injini ambayo trekta la farasi 45 linaihitaji kwenye plau. Feni yake inataka umeme ambao dinamo ya zamani haina. Na baridi yote itatokea kwenye matundu ya pedali na milango isiyofunga sawasawa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lile neno la fundi, "itaingia". Fremu ya kinga hupimwa kwa modeli fulani na uzito fulani wa trekta, na kuna kebini nyingine ambazo hazikupimwa kabisa: ni mabati na turubai za kuzuia mvua tu. Ukizipaka rangi mpya, zote zinafanana. Kinachozitofautisha ni kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye nguzo, chenye alama ya kuidhinishwa na majina ya matrekta iliyopimiwa. Kama 135 haimo, au kibao hakipo, hicho ni kivuli tu, na trekta likipinduka kinaweza kumkunjia dereva ndani.

Hata kibao kikiwepo, inua mpira wa sakafuni utazame miguu ya nguzo. Maji hutuama pale miaka na miaka, na chumvi yetu humalizia kazi. Chokoa kwa bisibisi, ikizama, iache. Kisha tazama namna inavyokaa juu ya ekseli ya nyuma. Matundu yasipolingana, mafundi wetu hodari huwasha gesi, wakayapanua, wakachomelea kipande cha chuma chakavu katikati. Kwa madigadi kazi hiyo ingetosha. Kwa nguzo inayotakiwa kubeba trekta zima lililopinduka haifai, kwa sababu moto hubadilisha chuma na hakuna tena anayeweza kusema itahimili nini. Bolti nazo ziwe na alama ya 8.8, yaani daraja la uimara wa chuma, kichwani au zaidi, zisiwe zile za kuokoteza kwenye debe la gereji.

Basi kwa trekta hili la Kisauni, mimi ningeifunga kebini kwa masharti: kibao kiwe kinataja 135, miguu iwe mizima, na matundu yakubali bila moto. Baada ya hapo ningeng'oa milango na vioo vya ubavuni na nyuma, nikabakiza fremu na paa. Madigadi nisingeyagusa kabla ya kujua kama ni sehemu ya fremu, maana kwenye baadhi ya kebini ndivyo yalivyo. Na ningefunga mkanda wa kiti, kwa kuwa fremu bila mkanda humwacha dereva arushwe nje, chini ya nguzo zile zile. Fremu isipokuwepo, mkanda usifungwe.

Anayelima chini ya mikorosho na miembe ya Kwale namshauri vingine. Matawi yatavunja paa mwezi wa kwanza. Yeye atafute fremu ya nguzo mbili inayokunjwa, iliyopimiwa trekta lake, na aisimamishe tena kila akitoka kwenye miti.

Muuzaji bado anadai pesa iliyobaki. Asipewe kabla mpira wa sakafuni haujainuliwa mbele yake.