Ubeti wa Mwisho si wa Kukatwa

Asiyeyajua mashairi yetu huenda akadhani ubeti wa mwisho ni pambo. Hapo ndipo malenga anapoaga na kutaja jina lake, ili shairi likifika Pate, Faza au Mombasa lijulikane limetoka kwa nani. Na hapo hapo ndipo siku hizi watu wanapotia mkasi kabla ya kulirusha mtandaoni.

Nina rafiki yangu malenga, dada wa Langoni hapa Lamu, aliyetunga shairi la harusi ya binamu yake. Beti nane. Akaliandika, akalituma kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Wiki kadhaa baadaye likamrudia kutoka kwa jirani aliyehamia Mombasa, sasa ni video: linasomwa na mwanamume asiyemjua, kinanda cha taarabu kinalia chini yake, na beti zimekuwa saba. Mahali pa kaditama, yaani ule ubeti wa mwisho, pamewekwa jina la ukurasa na namba ya simu ya kumwalika msomaji kwenye sherehe. Jirani akamwambia, "Sikiza, dada, watu wanajua kutunga." Rafiki yangu aliponieleza alisema maneno machache tu, kwa Kiamu chake: "Shairi wamelitwaa, jina wameliata," yaani wameliacha.

Mimi huo nauita wizi, na sioni haja ya kutafuta neno laini zaidi. Yule bwana anaalikwa na kulipwa kwa maneno ambayo hakuyakesha.

Watu hujitetea kwamba mtandao ndivyo ulivyo, kitu kikishatoka kimetoka. Lakini kusambaza kazi za watu hapa kwetu hakukuanza na simu. Muhammad Kijuma, mchongaji, mshairi na mwandishi wa khati wa Lamu aliyefariki miaka ya 1940, alinakili kwa mkono tenzi nyingi za watu waliomtangulia, nyingine akiwaandikia wataalamu wa Ulaya. Khati ilikuwa yake na sifa ya khati akapewa yeye. Utunzi ukabaki kwa watunzi. Mwana Kupona naye, malenga wa kike wa pwani hii, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliacha tarehe ndani ya beti zenyewe. Watu wale walijua kazi itasafiri, wakaifungia utambulisho wake mwilini.

Wala sisemi kila mtu abuni kitu ambacho hakijawahi kuonekana duniani. Malenga wa Lamu na wa Mombasa walikuwa wakijibizana tangu zama za Zahidi Mngumi na Muyaka bin Haji, mwanzoni mwa karne ya 19. Katika majibizano mtu huchukua bahari ya mwenzake, yaani umbo la shairi lake, huchukua hoja yake, pengine hata maneno yake, akayageuza na kumrudishia. Ufundi uko katika kugeuza huko, na msikilizaji lazima ajue nani kajibiwa. Ukificha shairi la kwanza, jibu lako linapoteza nusu ya utamu wake. Kwa hiyo anayenichukulia wazo akalijenga zaidi namkaribisha kwa moyo mweupe, mradi aseme amelitoa wapi.

Picha ndizo zinazoumia zaidi. Lamu Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila mwenye ukurasa wa utalii anataka jahazi, punda na mlango wa nakshi. Nimeona picha ya jahazi karibu na Shela iliyokatwa pembeni ili kuondoa jina la mpiga picha, na kwa kuwa jina lilikaa karibu na omo, omo nayo imekwenda. Jahazi limekatwa pua! Ilikuwa kwenye tangazo la nyumba ya wageni. Kijana aliyeipiga anaishi kwa kupigiwa simu na wageni walioona kazi yake. Aliyelifuta jina amefuta ile simu.

Utasikia pia, "Nimeandika picha kwa hisani." Kwa hisani ya nani? "Picha: Google" haimtaji mtu yeyote, kwani Google hutafuta tu, haikusimama juani na kamera. WhatsApp nayo itakuambia ujumbe umesambazwa mara nyingi, haitakuambia ulianzia kwa nani, na ikiipunguza picha hufuta hata taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili. Ndiyo maana jina likikatwa mara moja, wa kumi hawezi kulirudisha hata akiwa na nia njema.

Sheria yetu nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtunzi ana haki pindi kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kunasaidia ushahidi, ila asiyesajili hajapoteza kitu chake. Haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi nayo imo humo. Na kumtaja mtu hakukupi ruhusa ya kufanyia biashara kazi yake: nyumba ile ya wageni ilipaswa kuomba na kulipa, hata kama ingeliacha jina mahali pake.

Kuna vitu visivyo na mtu mmoja, kama methali na nyimbo za zamani za harusi. Hapo taja mahali na watu wake. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, kwa hiyo hata hivi si mali ya kuokotwa tu.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha kurasa na magrupu ya Lamu. Maulidi yakija, picha na kasida zitamiminika kutoka kila pembe ya mji. Kabla ya kuchapisha, muulize aliyekutumia: nani amepiga, nani ametunga? Jina liandikwe kwenye chapisho lenyewe, si kwenye maoni ya chini ambako hakuna anayefika. Asipojulikana, ipitishe picha kwenye kitafutio uone ilikotokea kwanza. Bado hujampata? Usiichapishe. Lamu ina vijana wengi wenye kamera. Mtumie ujumbe mmoja wao, mkubaliane bei, uchapishe yake na jina lake.