Kitana ndani ya kikapu: michezo ya kukisia kwenye somo la Kiingereza

Nilificha kitu ndani ya kikapu, nikakiweka juu ya meza na kuwaambia kidato cha kwanza wana maswali ishirini ya kukijua. Mimi nitajibu "yes" au "no", basi. "Is a mango?" No. "Is orange?" No. "Cup?" No. Kufikia swali la tisa nusu ya darasa imesimama, na mwalimu wa Hisabati wa chumba cha pili amechungulia dirishani mara mbili. Ndipo sauti ikatoka dawati la nyuma: "Kitana!" Kweli kilikuwa kitana. Makofi, vigelegele, na mshindi wangu wa Kiingereza kashinda kwa Kiswahili.

Michezo ya kukisia inasifiwa sana siku hizi kwenye mafunzo ya walimu. (Nasema kukisia kwa makusudi. Mzazi akisikia "michezo ya kubahatisha" atadhani tumewafungulia watoto wake kibanda cha kubeti.) Sifa zenyewe si za bure, na kubwa zaidi inatokana na lugha yetu. Kwa Kiswahili, "ni embe" na "ni embe?" ni maneno yaleyale, sauti tu ndiyo inayopanda, au unatanguliza "je". Kiingereza kinakudai ugeuze: "It is" iwe "Is it". Ukikutana na kitenzi cha kawaida, kinakuja na kile kidudu "do" ambacho kwetu hakina hata binamu. Kanuni hiyo ukiiandika ubaoni watoto wanainakili kwa mwandiko mzuri, na kesho yake wanakuuliza "You are use it?" Inahitaji kutamkwa mara nyingi mno, na kuitikia kwa pamoja mara ishirini kunaua hamu. Mchezo unampa mtoto sababu ya kuuliza mara ishirini.

Isitoshe, kwenye kipindi cha kawaida mwalimu anauliza, mwanafunzi anajibu. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima hajauliza swali hata moja kwa Kiingereza, ukiacha "May I go out?" Mchezo unageuza zamu.

Ule wa kukisia jina la mwanafunzi mwenzao naupenda kuliko yote. "A-" yetu haibagui mume na mke, kwa hiyo "he" na "she" ni mtego wa kudumu. Mtoto akiuliza "Is he near the window?" huku anamaanisha msichana, wenzake wanaanza kuwahesabu wavulana, wanapotea njia, kisha wanamgeukia yeye. Hapo mwalimu hana haja ya kusahihisha.

Wapo wanaosema mambo haya ni yetu tangu zamani: "Kitendawili!" "Tega!" Ni kweli nusu. Kwenye kitendawili jibu ni moja na linajulikana. Anayetegewa haulizi chochote, akishindwa anatoa mji. Kinafundisha kusikiliza na kufikiri kwa mafumbo, lakini kuunda swali hakifundishi.

Sasa upande wa pili, ambao wakufunzi wengi wanaupita mbio. Kipindi ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 70, hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mmoja anapata kama sekunde 34. Maswali ishirini maana yake midomo ishirini kwa kiwango cha juu kabisa. Kwa uhalisia ni sita au saba, na ni walewale wa kila siku. Waliobaki wanatazama mpira. Ukiwagawa katika makundi ya watano unapata makundi 14, huwezi kuyasikia yote, na ukigeuka tu kundi la kona linanong'ona Kiswahili. Makosa nayo yanazunguka bila msahihishaji. Halafu kuna mtihani: Kiingereza cha kidato cha nne ni cha kuandika, hakuna anayekaa kuwasikiliza wakiongea. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo akisema hana muda wa michezo, simwiti mvivu.

Mchezo wa kukisia neno herufi moja moja nao una mipaka yake. Kwa shule ya msingi unafaa, kwa sababu mtoto akisema "i" hujui kama anataka I ya Kiswahili au E ya Kiingereza, na mkanganyiko huo lazima utatuliwe mapema. Kidato cha pili ni kupoteza kipindi.

Nikirudi kwenye kikapu changu, kosa lilikuwa langu: nilitoa zawadi kwa jibu. Mchezo ukimlipa anayetaja kitu, watoto watataja vitu tu, na hawatatunga sentensi. Siku hizi ni marufuku kutaja kitu kabla ya swali la kumi. Kila kundi linaandika swali lake kwenye karatasi kabla ya kuuliza, na swali lililonyooka lina pointi hata jibu likiwa "no". Kelele zimepungua, nayaona makosa kwa macho yangu, na wanaandika, jambo ambalo mtihani unalitaka. Pia wanalazimika kuuliza maswali yanayokata uwanja katikati, yaani kila jibu liondoe nusu ya vitu vinavyowezekana. Maswali ishirini ya ndiyo na hapana yakikatwa hivyo yanatosha kutenganisha vitu zaidi ya milioni moja, lakini kwa "Is it a mango?" unaondoa embe peke yake. Ila dakika kumi za mwanzo inabidi nifundishe "made of", "bigger than", "used for". Bila maneno hayo mchezo unarudi palepale sokoni kwenye matunda.

Juzi nilificha kufuli. Yule wa dawati la nyuma alisoma karatasi yake polepole: "Do you use it at night?" Nikajibu yes. Hakupiga kelele, aliinama, akaanza kuandika swali la pili.