Goti Moja Likiwaka Moto: Baridi Yabisi au Usaha?

Mwenye baridi yabisi ya miaka mingi anaamka na goti moja limevimba na lina moto, ilhali viungo vingine vimetulia. Jibu la haraka: ugonjwa umechachamaa, aongezewe prednisoloni (kidonge cha steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe) au achomwe steroidi gotini. Hoja hiyo ina mashiko. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kumsimamishia mtu dawa kwa kuhofia bakteria wasiokuwepo ni kuuamsha ugonjwa wenyewe.

Shida ni kwamba bakteria wakiwemo, dawa hizohizo huwaficha. Steroidi hushusha homa. Tosilizumabu, dawa ya kibayolojia ya baridi yabisi (inayozima sehemu ya kinga ya mwili), huweza kuibakiza CRP, kipimo cha damu cha uvimbe, chini hata usaha ukiwa umejaa. CRP ikipanda nayo haiamui kitu, maana baridi yabisi peke yake huipandisha. Huku nyuma bakteria Staphylococcus aureus, mtuhumiwa wa kwanza, anatafuna gegedu, na siku chache zinatosha kuacha kilema.

Ndiyo maana tunaitanguliza sindano ya kuvuta majimaji ya goti kabla ya sindano ya kuchoma steroidi. Majimaji yatolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Dozi moja yaweza kuwazuia bakteria kuota maabara. Yaoteshwe, yahesabiwe chembe nyeupe, yatazamwe kwa rangi ya Gram (inayowaonyesha bakteria kwenye hadubini) na kutafutwa fuwele, dalili ya jongo. Fuwele zikionekana, msishangilie: jongo na maambukizi huweza kukaa goti moja. Rangi ya Gram isipoonyesha kitu, bado hamjatoka, kwani hukosa wengi. Chembe zaidi ya 50,000 kwa milimita moja ya ujazo huelekeza kwenye maambukizi, ila baridi yabisi kali nayo hufika huko, na aliyefifishwa kinga anaweza kuwa na bakteria kwa hesabu ndogo.

Wanaopinga kuvuta kwanza wana haki mahali pawili. Goti bandia halichomwi kiholela kliniki. Ni kazi ya timu ya upasuaji wa mifupa. Na anayetetemeka huku presha ikishuka achukuliwe damu ya kuotesha na aanzishiwe antibayotiki mara moja, hata kama goti halijavutwa.

Majibu yakisubiriwa, dawa za kibayolojia husimamishwa. Prednisoloni ya muda mrefu haikatwi ghafla: tezi za adrenali zimeshazoea kulala, na presha yaweza kuporomoka. Kisha mvueni soksi. Kidonda kati ya vidole, au nundu ya baridi yabisi iliyochanika, mara nyingi ndio mlango walioingilia bakteria.