Kadimiamu au indiamu: televisheni za rangi kali kwa hesabu ya Mombasa

Ukipita maduka ya vifaa vya umeme barabara ya Digo, utaona televisheni zilizobandikwa QLED zimepangwa mbele na za kawaida zimesukumwa nyuma. Muuzaji atakusifia rangi, na hapo hasemi uongo. Asichokwambia, na pengine hata yeye hajui, ni kama ile karatasi ya plastiki inayozipa rangi hizo, iliyolala nyuma ya skrini, ina kadimiamu au indiamu. Kwa kuwa kadimiamu ni sumu, Ulaya wamebishana kuhusu metali hizi mbili kwa miaka mingi, na hoja zao wamezipima kwa umeme wao na jalala zao. Ukizipima kwa umeme wetu na jalala letu, mizani inalala kwingine.

Kwanza kitu chenyewe. Ndani ya karatasi hiyo mna fuwele za nusukipitishi, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, zenye upana wa nanomita chache tu, na milimita moja ni nanomita milioni moja. Hupikwa ndani ya kimiminiko, na kila fuwele huvikwa mikia mirefu ya mafuta, mara nyingi asidi ya oleiki, zisije zikagandana. Taa za buluu huzimulika, nazo hutoa kijani na nyekundu. Rangi hutokana na ukubwa: elektroni ikibanwa kwenye nafasi finyu nishati yake hupanda, kama uzi wa udi unavyopandisha sauti mpiga taarab anapoufupisha kwa kidole. Fuwele ya kadimiamu selenaidi, yaani kadimiamu iliyoungana na seleni, ya nanomita 2 hivi huelekea buluu, ya nanomita 6 huwaka nyekundu, na kemia yake ni ile ile. Alexei Ekimov aliliona jambo hili ndani ya vioo vya rangi, Louis Brus akaliona kwenye kimiminiko mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuzipika fuwele zikatoka karibu za ukubwa mmoja. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023.

Huo ukubwa mmoja ndio unaoipa kadimiamu ushindi wake wa kwanza. Mwanga wa fuwele zake huwa mwembamba, nanomita 20 hadi 30 hivi kwenye mizani ya urefu wa mawimbi. Wa indiamu fosfaidi, yaani indiamu iliyoungana na fosforasi, hutawanyika zaidi, 35 hadi 40. Sababu imo ndani ya metali zenyewe. Donge kubwa la kadimiamu selenaidi lina pengo la nishati, lile linaloamua rangi ya mwanga wake, la elektronivolti 1.74, yaani liko ukingoni mwa nyekundu tayari, na kulifikisha kijani ni hatua ya wastani. Indiamu fosfaidi huanzia 1.35, chini kabisa kwenye mwanga usioonekana, na elektroni zake ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hubanwa kwa nguvu ili zifike kijani. Hapo kosa dogo la ukubwa huyumbisha rangi sana. Fosforasi nayo hupenda kushikana na oksijeni, ndiyo maana fuwele hizi huvikwa magamba yenye zinki, na bado huhitaji uangalizi.

Hoja ya pili ya watetezi wa kadimiamu ni kiasi, na hii naiheshimu. Sheria ya Ulaya iliruhusu, kama msamaha kwenye marufuku yake ya kadimiamu, kadimiamu isiyofika mikrogramu 0.2 kwa kila milimita ya mraba ya skrini. Piga hesabu kwa televisheni ya inchi 55: haifiki miligramu 170 kwa skrini nzima. Betri moja ya zamani ya nikeli na kadimiamu, zile zilizokuwa kwenye simu za mezani zisizo na waya, ina gramu kadhaa. Anayepigia kelele televisheni huku betri za aina hiyo zikitupwa mtaroni, anahangaika na kisichokuwa kikubwa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa silaha yao kubwa, na ndiyo inayokwama ikifika kwetu. Walisema hivi: kadimiamu ina ufanisi zaidi, kwa hiyo televisheni hula umeme kidogo. Mitambo ya makaa ya mawe hutoa kadimiamu angani, basi ukipunguza umeme umepunguza sumu kuliko ile uliyoiweka kwenye skrini. Bunge la Ulaya halikushawishika, likakataa pendekezo la kurefusha msamaha wa wakati ule mwezi Mei 2015, lakini kihesabu hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Sasa ilete Kenya. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na vyanzo vingine vya namna hiyo. Mtambo wa makaa ya mawe hatuna. Ule uliokusudiwa Lamu ulinyang'anywa leseni ya mazingira mwaka 2019. Kuna jenereta za mafuta Kipevu na Rabai, sikatai, lakini hazitoshi kuibeba hoja. Televisheni ikipunguza umeme Mombasa, moshi wa makaa haupungui, kwa sababu haupo. Faida inabaki kwingine na sumu inaletewa sisi.

Na sumu ikija hukaa. Kadimiamu huingia kwenye figo ikadumu miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Japani waliijua kwa uchungu bonde la mto Jinzu, Toyama, ambako maji ya mgodi yaliharibu mpunga, wanawake wakavunjika mifupa. Mwisho wa televisheni zetu ni Mwakirunge, ambako taka hufuka moshi. Ni kweli hakuna anayeichoma ile karatasi kwa makusudi. Mchoma nyaya anatafuta shaba, na karatasi haina bei. Lakini kwa kuwa haina bei, hakuna pia anayeitenga, nayo huishia motoni pamoja na plastiki nyingine. Kadimiamu hugeuka mvuke kwa nyuzi 767 tu.

Wa upande wangu, tunaopendelea indiamu, pia wana la kujibu. Indiamu si malaika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka kadimiamu kundi la kwanza, la vinavyosababisha saratani kwa hakika, lakini indiamu fosfaidi nayo liliiweka 2A, kundi la vinavyoelekea kusababisha. Na zote mbili ni mabaki ya tanuri la zinki. Halafu kuna unyevu wa pwani. Nilimtazama fundi mmoja Majengo akifungua televisheni ya aina hii. Alitoa skrini, akaweka pembeni, akainua karatasi ya kwanza nyeupe, kisha ya pili yenye rangi ya chungwa iliyofifia. Pembezoni palikuwa na mstari wa upana wa kidole ambapo rangi ilikuwa imekufa. Hewa na unyevu huingilia pale ilipokatwa, na filamu za kinga huzuia juu na chini tu. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameshika utepe wa taa nyeupe.

"Ami, si tuweke hizi tu? Taa si taa?"

"Ukiweka nyeupe, mwenyewe atairudisha kesho. Picha itakuwa ya manjano. Hii yataka buluu."

Swali la haki ni hili: ikiwa indiamu huungua kwa oksijeni upesi zaidi, na televisheni ikatupwa mapema, je, tumeokoa nini? Nakubali swali lina uzito. Jibu langu ni kwamba filamu za kadimiamu nazo hufa kwa unyevu ule ule, na magamba ya siku hizi yameipunguza tofauti. Mwaka 2019 watafiti wa Samsung walionyesha fuwele nyekundu za indiamu zinazorudisha karibu mwanga wote zinaoumeza.

Kwa hiyo naegemea indiamu, kwa masharti. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari imemtwika mwenye kuleta bidhaa jukumu la mwisho wake. Kinachokosekana ni mwagizaji kuandika kwenye hati za bandari ni metali gani iliyomo, hasa kwenye makontena ya televisheni zilizotumika, maana ndizo zinazoweza kuwa za kizazi cha kadimiamu.

Hukumu hii ni ya karatasi zinazomulikwa. Skrini ambazo fuwele zenyewe hupitishiwa umeme bado hazijafika madukani, kwa sababu ile mikia ya mafuta huzuia umeme na kuifupisha bila kuiharibu fuwele ni kazi, tena buluu huchoka upesi. Zikija, karatasi na kinga zake vitaondoka, kiasi cha metali kitabadilika, na itabidi tupige hesabu upya.